Baiskeli Isiyo na Pedeli

Mwezi uliopita mwanangu wa miaka minne alianguka na baiskeli. Nilikuwa nimeshika kiti kwa nyuma, nikamwachia bila ya kumwambia, nikidhani ndivyo atakavyojifunza. Alichojifunza ni kutoniamini. Siku tatu hakuigusa.

Nikachukua spana. Pedeli ya kulia hufunguliwa kama skrubu nyingine. Ya kushoto huzungushwa kinyume chake. Kisha nikakishusha kiti hadi nyayo zake zote mbili zikakanyaga chini. Jambo hili si geni: chombo cha magurudumu mawili alichokipanda Karl Drais huko Mannheim, Ujerumani, mwaka 1817, hakikuwa na pedeli; mpandaji alijisukuma kwa miguu.

Kila baada ya sala ya Alasiri tukawa twenda kwenye uwanja mkavu hapa Mtoni. Alianza kwa kutembea, akakimbia, kisha akawa anainua miguu kidogo kidogo. Sikumshika. Nilikwenda kando yake, nikimkumbusha jambo moja tu: atazame mbele, asilitazame gurudumu.

Juma la pili aliteleza masafa ya hatua kumi, miguu ikiwa juu. Akajisimamisha kwa nyayo, akageuka: "Baba, umeona? Hukunishika!"

Hapo nikamtaka radhi kwa siku ile ya mwanzo. Pedeli nimeziweka kabatini; zitarudi atakapoziomba mwenyewe. Wazazi wenzangu, tusiwaachie watoto wetu kwa hila.