Mnapenda Klabu, Ila Hakuna Anayetaka Kushika Koni

Leo hakuna klipu, hakuna muziki, hakuna mtu anaruka ngazi na viatu vya magurudumu. Leo ni kusoma tu, na wengine wenu mtakasirika. Sawa. Mimi mwenyewe nimekasirika tangu Jumapili.

Jumapili ilikuwa siku ya kufunga msimu wa klabu yetu ya skeiti za kasi. Kama huijui, hii si ile ya kuzungukazunguka ukipiga picha. Ni mbio. Kiatu kina magurudumu matatu au manne makubwa yaliyopangwa mstari mmoja, mgongo umeinama, mkono mmoja uko nyuma, na mtoto wa miaka kumi na miwili anakupita mpaka unasikia upepo wake. Uwanja hatuna. Tuna pakingi ya ofisi fulani huku Eastlands ambayo Jumapili haina magari, na mlinzi anayetuelewa.

Mbio ya mwisho ilikuwa ya kutoana. Kila raundi, anayevuka mstari wa mwisho anatoka. Inaonekana rahisi mpaka usimame wewe hapo kwa mstari. Wanakuja kumi kwa pamoja, na una nusu sekunde ya kusema nani alikuwa nyuma. Hiyo kazi inataka watu watatu: mmoja wa kuangalia mstari, mmoja wa kuhesabu raundi, mmoja wa kumwita anayetoka. Sisi tulikuwa na mtu mmoja. Mathe.

Mathe si mamangu. Ni mama ya mtoto mmoja wa klabu, anauza chapo na madondo wiki nzima, na kwa misimu mitatu ndiye ameshika saa, kalamu na daftari la majina. Raundi ya sita akakosea. Alimtoa msichana ambaye hakuwa wa mwisho. Msichana akalia. Na kutoka pale kwa ukuta, jamaa mmoja mtu mzima, simu iko juu anarekodi, akapiga kelele: "Kama hujui hiyo kazi si uachie wanaojua!"

Mathe hakumjibu. Alimwita yule msichana, akamwomba msamaha mbele ya kila mtu, mbio ikarudiwa. Jioni wakati tunaokota koni akamkabidhi kocha saa na daftari. Akasema Januari tusimtegemee.

Sasa huyo jamaa wa ukutani namuuliza: wanaojua ni kina nani, na wako wapi? Kwa sababu msimu mzima niliwaona wengi pale kwa ukuta, lakini kwa mstari nilimwona mama mmoja.

Hii tabia yetu ndiyo nimekuja kuichapa leo. Tunapenda klabu za mtaa. Tunapenda picha ya watoto wetu na medali. Tunapenda kusema "mtaa wetu unatoa talanta". Lakini kazi yenyewe tumeachia watu wanne au watano, tumewapa jina tamu, "wanaojitolea", halafu tunawadai kama watu tunaolipa mshahara.

Hebu niwaonyeshe hiyo "bure" inakaa aje.

Kocha wetu ni mtu wa boda. Jumapili asubuhi watu wanaenda kanisa, wengine wanaenda kutembelea jamaa, na mvua ikitishia ndiyo kabisa. Kila saa anayosimama na watoto ni saa ambayo pikipiki yake imeegeshwa. Hajawahi kututajia hiyo hesabu. Mimi nimemtajia, akacheka.

Kuna jamaa wa jua kali ambaye kila Jumamosi jioni anakaa chini na viatu vya klabu. Gurudumu la kasi linaisha upande wa ndani kwanza, kwa sababu huo ndio upande unaosukuma lami. Usipoyageuza na kuyabadilisha nafasi, yanakatika kama kabari na mtoto anaanza kuyumba kwenye kona. Beringi nazo zinatolewa moja moja, zinaoshwa, zinakaushwa, zinarudishwa. Kila gurudumu lina mbili. Kiatu cha magurudumu manne kina nane, jozi ina kumi na sita. Zidisha na jozi ishirini halafu uniambie jioni yako ya Jumamosi imebaki na nini.

Kuna dada anayesomea uuguzi. Bandeji na dawa ya kuosha kidonda anatoa mfukoni mwake. Helmeti tuko nazo kumi na moja, watoto ni thelathini na wanne. Kwa hivyo kuna mtu kazi yake ni kupanga vikundi, kukataa mtoto asiingie kabla helmeti haijarudi, na kutukanwa kwa kukataa.

Na bado hatujahesabu mvua. Lami ikilowa, gurudumu halishiki, siku imeenda. Kuanzia Machi hadi Mei tunaangalia mawingu kama wakulima, na kuanzia Oktoba ni hivyo hivyo. Mwaka huu tulipata Jumapili kavu ishirini na tisa. Kila mojawapo, saa moja asubuhi, kuna mtu alifagia hiyo pakingi. Kijiwe kidogo kama punje ya hindi kinatosha kumwangusha mtoto aliye kwenye kasi. Umewahi kujiuliza nani anafagia? Mimi pia sikuwahi, miezi mingi.

Na hapa wacha nijichape mwenyewe kwanza, msiseme nimejifanya mtakatifu.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Fee ilikataa, na tusidanganyane, hata kichwa kilikuwa kimekataa. Nilikuwa nashinda kwa nyumba nikiangalia dari. Siku moja nikapita hapo pakingi nikaanza kurekodi. Hakuna aliyeniuliza nalipa ngapi. Kocha alinipa maji, akanionyesha pembe nzuri ya kusimama nisigongwe. Kontenti yangu ya kwanza ya maana ilitoka hapo. Wengi wenu mlinifuata kwa sababu ya hao watoto.

Likizo ya Aprili nikaenda Jogoo Road nikarekodi vijana wakubwa, si wa klabu, wameshika mkia wa matatu wakivutwa. Nikaweka muziki mzito. Hiyo klipu ilitazamwa kuliko kila kitu nilichowahi kufanya. Klipu ya kocha akifundisha watoto kuanguka vizuri, magoti kwanza, viganja vimelindwa, ilitazamwa na watu ambao ningeweza kuwapikia chai.

Wiki mbili baadaye kijana wetu wa miaka kumi na mitatu alijaribu matatu. Aliachilia vibaya, akavunjika mfupa wa bega. Aliyekimbia naye hospitali ni kocha. Aliyelala kwa benchi usiku mzima ni kocha. Na aliyeulizwa "klabu yenu inafundisha watoto upuzi gani?" ni kocha, ambaye kila Jumapili anarudia mpaka sauti inakauka kwamba ukishika gari umejitoa kwa klabu. Mimi niliyeonyesha huyo kijana kwamba matatu ni ushujaa, nilikuwa kwa nyumba nikihesabu watazamaji.

Niliifuta. Kocha hakuniambia neno. Afadhali angenitukana.

Kwa hivyo nikisema kuna watu wanakula jasho la wanaojitolea, mimi niko kwa hiyo meza. Nilikula na nikalamba sahani.

Najua mtaniambia nini. Twende moja moja.

"Si walijitolea wenyewe? Mbona walalamike?" Kwanza, hawajalalamika. Mimi ndiye nalalamika. Pili, mtu akijitolea kukubebea mzigo hajakupa ruhusa ya kupanda juu ya mzigo. Kujitolea na kujitoa yanatofautiana kidogo sana kwa kuandika, na kwa maisha pia. Mathe alijitolea misimu mitatu. Jumapili moja ya matusi ikatosha akajitoa.

"Ni kazi ya serikali." Nakubali, na tuidai bila kuomba radhi. Sheria ya Michezo ya mwaka 2013 inataka klabu zisajiliwe, na fedha za michezo ni za watoto wa pakingi pia, si za wale wa uwanja mkubwa peke yao. Lakini hata hiyo pesa ikija kesho, haitashika saa. Helmeti zitanunuliwa, halafu nani atazifunga kwa kidevu cha mtoto wa miaka saba? Na msichanganye serikali na mwanasiasa. 2027 inakuja, na atakuja mtu na fulana za rangi ya chama, atapiga picha na watoto dakika kumi, aondoke. Fulana haizuii kichwa kupasuka. Akija, mwambieni abaki na fulana zake alete helmeti.

"Hiyo skeiti ni mchezo wa kupoteza wakati, haina mbele." Buda, mbio hizi hizi za magurudumu zilikuwa kwenye Olimpiki ya Vijana ya Buenos Aires mwaka 2018. Na kama bado unataka mfano, tafuta Ocala.

Ocala ni mji wa Florida, Marekani, kwenye joto, si mahali ungetafuta mtu wa barafu. Lakini Olimpiki ya Beijing ya 2022, timu ya Marekani ya mbio za barafu ilikuwa na watu watatu kutoka hapo: Erin Jackson, Brittany Bowe na Joey Mantia. Wote walianza na magurudumu kama sisi, na wote walipita kwa mikono ya kocha mmoja wa hapo kwao, Renee Hildebrand. Jackson alihamia barafu mwaka 2017 tu. Kwa mbio za kuchagua timu aliteleza, akamaliza wa tatu, na nafasi za mita 500 zilikuwa mbili. Bowe, aliyekuwa ameshinda, akamwachia nafasi yake. Jackson akaenda Beijing akachukua dhahabu, mwanamke wa kwanza mweusi kushinda dhahabu ya mtu binafsi kwenye Olimpiki ya majira ya baridi.

Sisemi mtoto wetu anaenda Olimpiki. Pengine hakuna hata mmoja. Nasema medali ilionekana 2022, lakini miaka mingi kabla ya hapo kulikuwa na mtu anasimama kando ya sakafu na saa mkononi, akimwambia mtoto arudie ile kona. Hiyo sehemu haina kamera. Na hiyo ndiyo sehemu ambayo kwetu tunaiua, kwa matusi na kwa uvivu.

Ya mwisho, na hii ndiyo inayoniuma: "Sisi watu wa chini hatuna wakati wa kujitolea, tunatafuta chakula." Na Mathe anatafuta nini? Madini? Angalia tena hiyo orodha: mama wa chapo, mtu wa boda, fundi wa jua kali, mwanafunzi. Wanaobeba klabu ndio hao hao wasio na kitu. Wenye magari wanawashusha watoto getini na kurudi saa sita kuuliza mbona mtoto ana vumbi.

Wacha niwape hesabu, na mimi si mtu wa hesabu. Watoto ni thelathini na wanne. Tuseme ni nyumba thelathini. Jumapili kavu zilikuwa ishirini na tisa. Kila nyumba ikitoa mtu mmoja, Jumapili moja tu kwa mwaka mzima, kila Jumapili ina mtu mmoja zaidi. Ikitoa Jumapili mbili, kwa mstari kuna Mathe na wenzake wawili. Yaani kumi la kutoana lingekuwa na macho yote sita yanayohitajika. Yule msichana hangelia. Mathe hangetukanwa. Hiyo ndiyo bei: asubuhi mbili kwa mwaka. Mnakaa zaidi ya hapo kwa foleni ya kinyozi.

Na kama kweli huwezi kuja, kuna mambo mengine. Lipia nauli ya yule dada wa uuguzi. Nunua bandeji. Mfanye kocha wa boda awe ndiye unayempigia ukitaka kwenda mahali, wiki nzima, na umlipe vizuri bila kuomba kupunguziwa. Kula chapo za Mathe. Na ukiona makosa, shuka kutoka ukutani, uje karibu, useme kwa sauti ya kawaida.

Mimi nimeshaamua yangu. Kila shilingi nitakayopata kwa klipu ya hao watoto, nusu inaenda kwa helmeti, na risiti nitaionyesha hapa. Sitarekodi tena mtu ameshika gari, hata akiruka mwezi. Na juzi nilienda kwa Mathe, nikakula, nikaomba anifundishe kuandika lile daftari. Alinitazama muda mrefu. Akasema jambo la kwanza ni kuandika majina kwa kalamu ya wino, kwa sababu penseli inafutika. Hajasema anarudi. Sikumuuliza.

Jumapili ya kwanza ya Januari, isiponyesha, saa moja asubuhi nitakuwa hapo na ufagio. Saa mbili nitakuwa kwa mstari na saa. Raundi ya sita nitakosea, najijua. Ukitaka kunipigia kelele, sawa, lakini njoo usimame hapa kando yangu, ushike hizi koni kwanza.