Mazoezi Yataka Wenzi

Ndugu msomaji, majuma machache yaliyopita nilikuwa Dutumi, katika Wilaya ya Kibaha, kwenye harusi ya jamaa zangu. Tukiwa chini ya mwembe tukisubiri chakula, nilikaa na mama mmoja mwenye umri wa miaka 44, mzaliwa wa hapo, ambaye sasa ni mfanyakazi wa kiwanda jijini Dar es Salaam. Aliwatazama akina mama waliokuwa wakipita na ndoo za maji kichwani, kisha akasema: "Mdogo wangu, nami nilikuwa kama hawa. Lakini mwaka jana nilipanda ngazi za ghorofa moja tu, nikahema kama mgonjwa."

Nilimwuliza imekuwaje. Akanieleza kwamba kwa miaka 11 kazi yake imekuwa ya kukaa. Huamka alfajiri akapanda basi, hukaa mbele ya mashine mpaka jioni, kisha hurudi nyumbani kwa basi. Alipokwenda kupimwa, shinikizo la damu lilionekana kuwa juu. Alipewa dawa, akaagizwa pia afanye mazoezi. Alianza mara tatu, na mara zote tatu akaacha. Mara ya kwanza alikimbia kwa nguvu zake zote, magoti yakavimba. Mara ya pili vijana wa mtaani walimwuliza anakimbizwa na nani, akaona haya. Mara ya tatu mvua ilinyesha siku mbili mfululizo, na ilipokatika hapakuwa na mtu wa kumgongea mlango.

Naamini kisa hiki si chake peke yake. Wengi wetu tuliohamia mjini tumeliacha jembe shambani, wala hatukuweka kitu mahali pake. Lakini jembe si kitu pekee tulichokiacha. Watu walimapo pamoja, kila mmoja hupimiwa ngwe yake, ila wote husimama katika mstari mmoja. Anayechelewa huulizwa yuko wapi; anayechoka hutaniwa, kisha akasaidiwa kumaliza. Mama yule alipokuja mjini aliukosa mstari ule, na bila huo nia yake njema haikufika mbali.

Jambo hili taifa letu lilikwisha kulitambua zamani. Mwaka 1973 iliendeshwa kampeni ya "Mtu ni Afya". Watu wapatao milioni mbili walijiunga katika vikundi vijijini na mijini, wakakusanyika kila juma kusikiliza kipindi cha redio, kusoma kijitabu na kujadiliana. Kisha waliinuka wakachimba vyoo, wakafyeka majani na kusafisha visima. Sauti ilitoka mbali, lakini aliyehakikisha kwamba choo kimechimbwa ni jirani.

Siku hizi sauti ya mbali ni simu ya mkononi. Makundi ya mazoezi yamejaa humo, nayo yana faida, kwani hukumbusha, hufundisha na kutia moyo. Hata hivyo, simu waweza kuizima ukalala; jirani aliyesimama mlangoni humzimi. Kwa hiyo kundi linalofaa zaidi ni lile ambalo watu wake, baada ya kuandikiana usiku, huonana barabarani asubuhi.

Vikundi vya namna hiyo havina ugeni kwetu. Nani aliyesoma shule zetu asiyekumbuka mchakamchaka? Mitaani zipo klabu za joging zinazotoka alfajiri za Jumamosi na Jumapili. Mwezi Desemba 2016 Mheshimiwa Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, aliwahimiza wananchi kufanya mazoezi Jumamosi ya pili ya kila mwezi ili kujikinga na maradhi yasiyoambukiza. Ni mwanzo mwema, lakini mwili hautosheki na siku moja kwa mwezi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa juma, yaani nusu saa kwa siku tano, na mazoezi ya kuimarisha misuli siku mbili. Watoto wapate saa moja kila siku.

Basi uanzeje? Kwanza, pima shinikizo la damu na sukari, na kama una maradhi, mwulize mganga kabla ya kuanza. Ukisikia maumivu ya kifua au kizunguzungu njiani, simama na utafute msaada mara moja.

Pili, anza kwa kutembea. Dakika kumi zatosha kwa siku za kwanza, kisha ongeza kidogo kidogo. Filbert Bayi alipovunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch mwaka 1974, aliongoza mbio tangu mwanzo hadi mwisho. Ule ulikuwa ustadi wa bingwa aliyejiandaa, nawe usiuige. Mwendo wako uwe ule unaokuwezesha kuzungumza na mwenzio bila kukatika pumzi.

Tatu, kichunguze kikundi kabla ya kujiunga. Je, humsubiri aliye nyuma? Je, mwenye umbo kubwa au umri mkubwa huheshimiwa? Je, asiye na fedha za fulana ya sare huruhusiwa kutoka na wengine? Ukiona kundi linatangaza dawa za kupunguza unene kuliko linavyohimiza mazoezi, ondoka.

Nne, ihusishe familia. Baba akibaki na watoto nusu saa, mama ataweza kutoka. Mama naye afanye vivyo hivyo kwa zamu yake. Jumapili jioni tokeni wote kwa miguu.

Mama yule wa Dutumi alianza mara ya nne, na safari hii hakuanza peke yake. Aliwaendea majirani wawili, mmoja wao muuza chapati, wakapatana kutembea nusu saa kabla ya kwenda kazini. Sasa ni mwezi wa tano. Dawa bado anameza kama alivyoagizwa, wala hajioni kuwa amepona. Vijana wa mtaani bado wana maneno yao. "Lakini sasa tuko watatu," aliniambia, "na siku nisipotoka, wawili husimama mlangoni wakaniita mpaka niitike."

Je, ndugu msomaji, kesho alfajiri ni nani atakayesimama mlangoni kwako? Ikiwa hayupo, usingoje aje. Jioni ya leo nenda wewe ukapige hodi kwa jirani.