Tapeti Isiyolia Ndiyo ya Kuogopa

Kila kijiwe cha bodaboda kina mtaalamu wake wa tapeti. Hana fila geji wala kitabu cha pikipiki. Ana sikio, bisibisi na spana. Pikipiki ikiletwa inalia juu ya hedi, anafungua kifuniko, anakaza skrubu mpaka kelele ife, anapokea hela yake na mteja anaondoka ameridhika. Baada ya muda pikipiki hiyohiyo inagoma kuwaka ikiwa ya moto, na lawama zote zinaangukia plagi, kabureta au mafuta yaliyochakachuliwa.

Kinachobishaniwa hapa ni uwazi mdogo unaoachwa makusudi kati ya ncha ya skrubu ya roka na mkia wa valvu, valvu ikiwa imefunga. Kwenye Honda CG125, ambayo injini yake imenakiliwa na viwanda vingi vya China na kuzaa pikipiki nyingi zinazobeba abiria na mizigo mitaani kwetu, uwazi huo ni milimita 0.08 kwa valvu zote mbili, injini ikiwa baridi. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, kila valvu inafunguka na kufunga mara 50 kwa sekunde. Kosa dogo kwenye uwazi huo linarudiwa mara nyingi mno kabla dereva hajamaliza hata safari moja ya sokoni. Ndiyo maana maneno ya kijiweni kuhusu tapeti hayafai kumezwa bila kutafunwa.

“Ikinyamaza, imekaa sawa”

Hili ndilo dai kubwa kuliko yote, na ndilo linaloua injini nyingi. Ni kweli kwamba uwazi ukizidi, roka inagonga mkia wa valvu na kelele inasikika. Kelele hiyo si nzuri: valvu inachelewa kufunguka, hainyanyuki kiasi chake, na ncha za vyuma zinalika. Lakini uharibifu huo unakwenda polepole, tena unajitangaza.

Uwazi ukikosekana kabisa, hakuna kinachogonga. Injini inakuwa tulivu, na dereva anafurahi. Kumbe valvu haikai tena sawasawa kwenye kiti chake. Valvu ya ekzosi inapitiwa na moshi wa joto linalozidi nyuzi 600, na njia yake kuu ya kupoa ni kugusana na kiti kila inapofunga, ili joto lihamie kwenye hedi. Ukiinyima mguso huo, joto linabaki kwenye valvu. Moto unapenya pale palipoachwa wazi, ukingo unaungua, kompresheni inavuja. Mwisho wake ni kufungua hedi, kusaga viti na kununua valvu mpya. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Tena tapeti inaweza kujikaza bila kuguswa na mtu. Valvu inapopiga kiti chake siku hadi siku, vyote viwili vinalika, valvu inazama ndani ya hedi kidogo kidogo, na mkia wake unapanda kuelekea kwenye roka. Uwazi unapungua na kelele inapungua nao. Pikipiki iliyokuwa inalia kidogo na sasa imenyamaza yenyewe haijapona. Hiyo ndiyo ya kupimwa kwanza.

“Fundi mzoefu anaseti kwa sikio, injini ikiwa ya moto”

Uzoefu wa fundi haudharauliwi. Sikio lililozoea linatambua haraka kwamba sauti imebadilika, na hiyo ni kazi ya maana. Ila sikio halina namna ya kutofautisha milimita 0.08 na milimita 0.03, kwa sababu zote mbili zinaweza kuwa kimya.

Na kuhusu joto: hedi ni ya aluminiamu, valvu ni ya chuma, na kila metali inatanuka kwa kiasi chake. Injini iliyotoka kupanda mlima na injini iliyokaa kivulini dakika kumi haziko kwenye joto moja, kwa hiyo haziwezi kutoa kipimo kimoja. Mtengenezaji alitoa namba ya injini baridi ili watu wote wapime katika hali inayofanana. Vitabu vya Honda vinataka injini iwe chini ya nyuzi 35. Katika miji yetu ya pwani maana yake ni moja tu: pima alfajiri, kabla pikipiki haijawashwa. Anayesema “nitapima jioni nikipaki” anapima kitu kingine.

“Fila geji ya nini? Wembe unatosha”

Wembe wa kawaida wenye makali pande mbili una unene wa milimita 0.1 hivi. Kwa injini inayotaka 0.08, umeshazidisha kwa robo. Kwa injini inayotaka 0.05 kwenye valvu ya kuingizia, umezidisha mara mbili. Karatasi ya fotokopi nayo iko kwenye 0.1 hivyohivyo, na juu ya hayo inabonyea. Kipande cha msumeno wa chuma, chenye 0.6 hivi, kinaweza kumwokoa mtu njiani anapotazama uwazi wa plagi. Kwenye tapeti hakina kazi yoyote.

Wapo pia wanaosema: kaza skrubu mpaka igote, kisha irudishe robo mzunguko. Tupige hesabu. Skrubu yenye uzi wa hatua ya milimita 0.5 inasogea milimita 0.125 kwa robo mzunguko, na hiyo ni zaidi ya mara moja na nusu ya 0.08. Hapo bado hatujahesabu ulegevu wa uzi wenyewe, wala ukweli kwamba jicho la mtu aliyechuchumaa haliioni robo ya kweli.

Fila geji ni majani ya chuma yaliyoandikwa unene wake, na ni miongoni mwa vipimo vya bei nafuu dukani. Kabla ya kulipa, hakikisha ina majani membamba unayoyahitaji, kwa sababu nyingine zinaruka moja kwa moja kutoka 0.05 hadi 0.10.

“Kufungua hedi nyumbani ni kuharibu injini”

Kupima tapeti si kufungua hedi. Hedi inabaki mahali pake. Kinachotoka ni kifuniko cha juu tu, au kwenye injini nyingine vifuniko viwili vidogo, kimoja upande wa kabureta na kimoja upande wa ekzosi.

Kazi yenyewe iko hivi. Futa vumbi lote kuzunguka vifuniko kwanza, maana mchanga ukidondoka ndani ndipo utakapokuwa umeiharibu kweli. Vifungue, kisha toa plagi ili injini izunguke kwa wepesi. Fungua vifuniko vya upande wa magineto, zungusha kwa spana ya boksi kuelekea upande ambao injini huzungukia, na macho yakiwa kwenye valvu ya upande wa kabureta. Itashuka, kisha itapanda. Ikishapanda, endelea taratibu mpaka alama ya T kwenye magineto ilingane na alama ya kwenye kava. Usisimame kwenye F. Hiyo ni ya moto wa plagi. Sasa shika roka zote mbili kwa vidole uzitikise. Zikicheza kidogo, pistoni iko juu na valvu zote zimefunga. Zikiwa zimebana, huenda uko kwenye mzunguko usiotakiwa: zungusha mzunguko mmoja kamili, urudi kwenye T. Zikibaki zimebana hata hapo, tapeti zimekaza, na umeshapata jibu ulilokuwa unalitafuta.

Kama injini yako inataka 0.08, ingiza jani la 0.08. Likipita kwa kukwaruza kidogo, na la 0.10 likakataa, funga urudishe vifuniko. Hakuna cha kurekebisha. Likikataa kuingia au likipita bila kugusa, legeza nati, sogeza skrubu, jani likiwa ndani. Wengi huharibu kazi mwishoni: unapokaza nati, skrubu nayo inajizungusha na uwazi unabadilika. Ishikilie skrubu kwa nguvu huku unakaza nati, kisha pima tena. Usipopima baada ya kukaza, hujapima.

Dai hili lina ukweli wake mahali pengine, na tuuseme. Zipo pikipiki ambazo uwazi wake hurekebishwa kwa visahani vidogo vilivyo chini ya kamshafti, na kuvibadilisha ni lazima kamshafti itoke. Hiyo mpelekee fundi mwenye vifaa. Na nyingi za Harley-Davidson zina tapeti zinazojirekebisha kwa shinikizo la oili. Lakini injini yenye skrubu na nati haina siri ya namna hiyo.

“Pikipiki mpya haiguswi tapeti”

Ni kinyume chake. Vipuri vipya vinakaa mahali pake katika kilomita za mwanzo, na uwazi unabadilika zaidi wakati huo kuliko baadaye. Ndiyo maana watengenezaji huweka ukaguzi wa tapeti kwenye huduma ya kwanza kabisa, ambayo kwa kawaida haizidi kilomita 1,000, kisha kila baada ya kilomita elfu chache. Dereva wa bodaboda anayetembea kilomita 100 kwa siku anamaliza kilomita 3,000 ndani ya mwezi mmoja. Mwenye pikipiki ya kwendea ofisini anaweza kuchukua mwaka. Kwa hiyo hesabu kilomita. Kalenda ya jirani haikuhusu.

“Weka oili nzito, kelele itaisha”

Oili nzito inaweza kweli kufifisha kelele, na hapo ndipo hatari yake ilipo. Haiongezi wala haipunguzi uwazi kati ya roka na valvu. Inaifunika tu dalili. Kwenye pikipiki hizi oili hiyohiyo ndiyo inayolainisha gia na klachi, na asubuhi ya baridi oili nzito kupita kiasi inachelewa kufika juu kwenye roka, mahali palepale unapojaribu kupatuliza. Tumia oili iliyotajwa kwenye kitabu, uimwage kwa wakati, na tatizo la tapeti ulitatue kwenye tapeti.

Kwa hiyo

Fundi wako anaweza kubaki kuwa fundi wako. Mpelekee pikipiki asubuhi ikiwa haijawashwa, au ilaze kwake, na umwombe akuonyeshe jani la fila likipita. Fundi anayeijua kazi yake hatachukia. Anayekwambia kwamba sikio lake linatosha, mshukuru, kisha nunua fila geji yako. Anza na valvu ya ekzosi, na ukiwa huna uhakika kati ya kubana na kulegeza, usibane.