Harufu ya Chai Shingoni

Mwenzetu mmoja wa hapa Dodoma alitujia na chupa ya manukato ya bei nafuu, akiwa amemficha mumewe. Fedha alizidunduliza kutoka kwenye pesa ya mboga. Kwenye boksi pameandikwa chai na osmanthus. Ndiyo nini hiyo? Ni ua dogo la China, la ukoo mmoja na asumini na mzeituni. Wachina hulichanganya na majani ya chai, na harufu yake yakaribia pichesi zilizoiva. Mafuta halisi ya ua hilo ni ghali mno, hivyo manukato ya bei rahisi kwa kawaida huiga harufu yake kwa viungo vya maabara.

Tulinusa: kwanza ndimu, kisha chai, halafu tunda tamu. Kusema kweli tuliyapenda. Lakini kwa ukavu wa hewa yetu, kabla ya saa sita mchana harufu ilikwisha. Tulimshauri ajipake kwanza mafuta yasiyo na harufu, na chupa asiiweke dirishani penye jua.

Kuhusu mumewe, tulimwambia amwonyeshe jioni ileile. Akamwonyesha. Baba watoto alinusa, akauliza kama chai iko tayari.