Ondaatje: Malenga Aliyekumbuka Kwao

Huko Kanada yuko malenga ambaye wengi wamjua kwa riwaya tu. Jina lake ni Michael Ondaatje. Alizaliwa mwaka 1943 mjini Colombo, katika kisiwa cha Ceylon, ambacho leo chaitwa Sri Lanka. Mwaka 1954 alisafirishwa kwa meli kumfuata mamake Uingereza, na mwaka 1962 akahamia Kanada.

Alianza na ushairi. Diwani yake ya kwanza ilitoka mwaka 1967. Mwaka 1970 akatoa kitabu juu ya jambazi Billy the Kid, mashairi na nathari vikiwa pamoja, kikapata tuzo ya Gavana Mkuu wa Kanada. Hata katika riwaya zake mkono wa mshairi waonekana: hadithi hukatwa vipande, msomaji akaachiwa kuviunga. Wako walalamikao kwamba hivyo kisa chapotea.

Hata hivyo, riwaya yake The English Patient ilishinda tuzo ya Booker mwaka 1992, pamoja na ya Barry Unsworth. Filamu yake ya mwaka 1996 ilinyakua Oscar tisa, na mwaka 2018 wasomaji waliipigia kura kuwa bora kuliko washindi wote wa Booker katika miaka 50.

Lakini sifa ya kalamu wengi wanayo. Lililo adimu ni alivyozitumia fedha za Booker: alianzisha tuzo ya Gratiaen, kwa jina la ukoo wa mamake, kwa waandishi wakaao Sri Lanka. Jambo hili si dogo. Mwandishi wa nchi ndogo hungoja London imsifu kwanza, ndipo watu wa kwao wamtambue. Sasa akapata mizani ya nyumbani.

Kasoro haikosi. Tuzo hiyo ni ya kazi za Kiingereza, ilhali umma wa nchi ile wasema Kisinhala na Kitamil. Baadaye iliongezwa tuzo ya tafsiri kutoka lugha hizo. Lakini hata huo ni mlango ufungukao upande wa Kiingereza.

Mwaka 2024, akiwa na miaka 80, Ondaatje alitoa diwani nyingine. Amerejea alikoanzia. Wahenga walisema: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Aliyehama hawezi kuirudisha nchi aliyoiacha; aweza kuwawezesha waliobaki waisimulie wenyewe.