Tambi za Karibi na Mbuzi ya Nazi ya Mdogo Wangu

Wasomi wenzangu, naanza kwa kukiri kosa. Muhula uliopita, wiki ile boom ilipoingia, niliungana na wana wanne kwenda kusherehekea siku ya kuzaliwa ya mwenzetu kwenye mgahawa mmoja upande wa Masaki. Mimi ni mtoto wa Mtoni Kijichi na nasoma Chang'ombe, kwa hiyo Masaki huwa naisikia tu. Menyu ilikuwa Kiingereza kitupu. Macho yakaangukia tambi za vyakula vya baharini kwa mtindo wa Karibi, zenye rojo zito na pilipili. Bei ni 35,000. Kwa sisi tunaopata 10,000 kwa siku ya chakula na malazi, hizo ni siku tatu na nusu za kuishi. Nikaagiza hivyo hivyo. Sikutaka kuonekana mshamba.

Sahani ikaja. Kamba, vipande vya ngisi, hoho nyekundu na za njano, rojo la rangi ya machungwa. Nikaonja mara moja, nikaonja mara ya pili, nikaweka uma chini. Tui la nazi, tangawizi, kitunguu saumu, pilipili mbuzi. Basi. Wenzangu wanapiga picha, mmoja anasema, "Hii ladha ya ng'ambo, Bongo huipati." Nikatikisa kichwa kukubali.

Kosa langu ni hapo, kwenye kutikisa kichwa. Ladha ile nimeila tangu nikiwa darasa la sita, nyuma ya nyumba yetu, kwenye jiko la mkaa, na aliyekuwa anaipika ni mdogo wangu wa kike. Yeye hakuwahi kuiita Karibi. Alisema tu, "Kaka, tambi tayari."

Tuanze na hiyo Karibi yenyewe, maana na huko kuna somo. Uchunguzi wa vinasaba vya minazi uliochapishwa 2011 ulionyesha kwamba minazi ya Karibi ni ya ukoo wa Bahari ya Hindi. Haikuota kule yenyewe. Wareno waliichukua bahari hii yetu katika karne ya 16, wakaipitisha visiwa vya Cape Verde, ndipo ikavuka Atlantiki. Pilipili nayo ilisafiri kinyume. Asili yake ni Amerika, na babu zetu wa pwani hawakuijua kabla ya meli za Ulaya kuanza kuvuka bahari zile. Ile pilipili ya Jamaika wanayoiita Scotch bonnet ni ndugu wa damu wa pilipili mbuzi unayoiona imepangwa mafungu pale Mbagala Rangi Tatu.

Wao walipata nazi kutoka bahari yetu, sisi tukapata pilipili kutoka kwao. Ndiyo maana Mjamaika anapika wali na maharage kwa tui, anatumbukiza pilipili nzima bila kuipasua ili itoe harufu bila kuunguza watu, sawasawa na anavyofanya bibi yako. Ana na samaki wa kuchemshwa kwenye tui mpaka rojo linakuwa zito. Mtu wa Kigamboni akipewa hiyo sahani hataomba maelezo. Sasa kitu hicho hicho tukikuta kimeandikwa kwa Kiingereza tunalipa 35,000, na kikipikwa nyumbani tunakiita "msosi wa kawaida". Dharau hii tumejifundisha wenyewe.

Wiki mbili baadaye nikaamua kupika mwenyewe. Tunaishi watatu geto, na hakuna kati yetu aliyewahi kupika zaidi ya mayai na ugali wa kubahatisha. Jumamosi alfajiri nikapanda daladala hadi Posta ya Zamani, nikatembea mpaka Feri. Kamba wadogo fungu 5,000. Ngisi 4,000. Niliporudi mtaani nikanunua nazi mbili 2,400, pakiti ya tambi 1,800, nyanya, vitunguu na hoho 2,000, tangawizi, saumu na ndimu 1,000, pilipili mbuzi 200. Jumla 16,400. Ukiweka nauli ya kwenda na kurudi 1,200 inakuwa 17,600. Gesi sijahesabu, ilikuwepo kwenye mtungi. Tulikula watu wanne, yaani 4,400 kwa kichwa.

Lakini mara ya kwanza niliharibu. Nilimimina tui lote kwa pamoja, moto mkali, nikaenda kujibu meseji. Kurudi nakuta tui limekatika, mafuta juu, maji chini, na kamba wamekuwa wagumu kama kandambili. Nikampigia mdogo wangu. Alicheka mpaka nikakata tamaa, kisha akanielekeza, na mimi nawapa kama nilivyopewa.

Ukishakuna nazi, kamua tui zito kwanza uliweke pembeni, halafu ongeza maji ukamue tui jepesi. Kamba wamenye, watoe ule uzi mweusi mgongoni, wapake ndimu, chumvi na saumu. Kaanga kitunguu, tangawizi na saumu, tia nyanya zive mpaka ziachane na mafuta. Mimina tui jepesi, tumbukiza pilipili mbuzi nzima, usiipasue. Ngisi akatwe pete na aive dakika mbili tatu tu. Ukizidisha hapo anakuwa mpira, na itabidi umchemshe muda mrefu ndipo alainike tena. Tui zito linaingia mwishoni, moto mdogo, na mwiko usisimame mpaka lichemke. Kamba na hoho wanafuata. Kamba akijikunja na kuwa wa pinki ameiva, mtoe motoni. Tambi zichemshwe pembeni kwenye maji ya chumvi, zitolewe zikiwa bado na ugumu kidogo, na kikombe kimoja cha maji yake ukiweke akiba. Rojo likiwa zito mno, hayo maji yatalilainisha na litashika tambi vizuri.

Huyo anayenielekeza hayo yote kwa simu, bila kusoma popote, alipata sifuri kidato cha nne.

Na hapa ndipo nilipotaka kufika. Jumamosi ile niliangalia saa. Kwenda Feri, kumenya kamba, kukaa juu ya mbuzi kukuna nazi mbili, kukamua, kupika, kuosha masufuria: masaa manne na zaidi. Mgongo unauma. Vidole vinanuka kamba hadi Jumapili. Nilikuwa nimepanga kusoma saikolojia ya elimu jioni ile, sikufungua hata ukurasa mmoja. Nililala.

Nikawa najiuliza, hivi yule mtoto alikuwa anasoma saa ngapi?

Mama yetu alikuwa anatoka nyumbani saa kumi alfajiri kwenda Feri kununua samaki, anakaanga, anauza gengeni hadi usiku. Mimi na mdogo wangu tumepishana mwaka mmoja, shule moja ya kata, yeye darasa moja nyuma yangu. Tukirudi jioni mimi nilikuwa nachukua daftari, yeye anachukua mbuzi ya nazi. Hakuna aliyepanga kikao tukagawana. Mimi wa kiume, yeye wa kike, ikaisha. Nilikuwa nakaa mlangoni nafanya hesabu na yeye yupo mbele yangu anakuna nazi, na nikimwambia apunguze kelele, anapunguza.

Tufanye hesabu ya mwalimu. Tuseme jikoni alitumia masaa matatu kila siku ya shule: saa moja alfajiri kwa chai na vyombo, mawili jioni. Mwaka wa shule una siku 194. Kwa miaka minne ya sekondari ni masaa 2,328. Kipindi kimoja ni dakika 40, kwa hiyo hayo masaa ni vipindi 3,492. Kwa siku yenye vipindi vinane, ni zaidi ya siku 430 za darasani, yaani zaidi ya miaka miwili kamili ya masomo. Na hapo sijagusa wikiendi wala likizo. Mimi hiyo miaka miwili nilipewa bure. Division One yangu, ambayo mtaa mzima ulinipongeza, nusu yake ilikunwa kwenye ile mbuzi.

Najua mtaniambia, "Mila ni mila, kwetu mwanaume haingii jikoni." Jamani, tuwe wakweli. Shughuli ikiwa kubwa, masufuria ya pilau yanasimamiwa na nani? Wanaume. Anayekaanga chipsi hapo nje ya geti ni nani? Kijana wa kiume. Supu ya pweza usiku, mishikaki, nyama choma, wote ni wanaume na wanasifiwa. Kumbe mwanaume anaingia jikoni vizuri tu, mradi jiko liwe na malipo. Kazi ikiwa na hela tunaiita biashara, ikiwa haina hela tunaiita wajibu wa mwanamke. Mila ya namna hiyo inafanana zaidi na mkataba ambao upande mmoja haukusaini.

Na tusijifanye kwamba ni mambo ya nyumbani kwa wazee. Pita mageto ya wanafunzi Ijumaa jioni, kuanzia Keko hadi Mbagala, na hata wenzetu wa Sinza na Mwananyamala. Utakuta jamaa wawili wamelala wanaangalia mpira, na binti mmoja, mwanafunzi kama wao, mwenye tesiti Jumatatu kama wao, yuko kwenye jiko anapika kwa sababu ni "shemeji". Akiondoka ameacha na nguo zimefuliwa. Halafu matokeo yakitoka tunasema wasichana hawajitumi. Mimi mwenyewe nimewahi kula chakula cha shemeji wa mshkaji na sikuosha hata kijiko, kwa hiyo siongei nikiwa juu ya mti.

Kwa sisi tunaosomea ualimu jambo hili ni zito zaidi. Nikiwa kwenye mazoezi ya kufundisha, kulikuwa na binti wa kidato cha pili aliyekuwa anasinzia kila kipindi cha kwanza. Nilimsimamisha nyuma ya darasa siku tatu mfululizo. Siku ya nne nikamuuliza anaamka saa ngapi. Akasema saa kumi, anapika maandazi ya mama yake ya kuuza kabla hajaja shule. Nikakosa neno. Mimi niliyelelewa na mikono ya mtoto kama huyo, nilikuwa namwadhibu kwa usingizi ule ule.

Simlaumu mama yangu. Alikuwa peke yake na alitulisha. Wala sisemi watoto wasifanye kazi za nyumbani. Mtoto asiyejua kujipikia ni mzigo, na mimi ni ushahidi. Ninachosema ni kwamba kazi igawanywe. Wewe wa kiume unayesoma hapa, jifunze kupika sahani tatu kabla hujamaliza chuo. Geto liwe na zamu, na shemeji akija awe mgeni. Likizo ukirudi nyumbani, kaa juu ya mbuzi angalau mara moja kwa wiki na mwachie mdogo wako meza. Na ukipata darasa lako, ukiona binti anasinzia, uliza kwanza ameamka saa ngapi kabla hujamsimamisha.

Jumamosi ya pili nilimwalika mdogo wangu geto. Sasa hivi anapika kwa mama lishe mmoja huko Mbagala kwa malipo ya siku. Nilipika mwenyewe mwanzo mwisho, na safari hii tui halikukatika. Akala, akanyamaza kidogo, akasema, "Chumvi imezidi, ila kaka umejitahidi." Wenzangu wa geto wakamshangilia kama hakimu.

Nikamwambia anaweza kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, mimi nitamfundisha. Hakuuliza kuhusu ada wala vitabu. Aliuliza, "Na huko nyumbani atapika nani?"

Tumekubaliana Jumamosi na Jumapili naenda Kijichi. Napika mimi, na chakula kikiwa jikoni tunafanya hesabu. Tumeanza na sehemu na desimali, maana ndipo alipoachwa. Wiki iliyopita nilikuwa nakuna nazi yeye yuko mlangoni na daftari, akaniambia nipunguze kelele. Nikapunguza.

Mwandishi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, shahada ya ualimu.