Wa Kileleshwa Hupigia Baba Simu, wa Kawangware Hupelekwa Korti

Wasee, leo naanza na chaja ya simu. Chaja ya mia tatu.

Kijana wa ploti yetu Kawangware, miaka 15, aliichukua kwa duka moja tao. Akashikwa. Aliiba, sitamtetea hapo. Lakini cheki kilichofuata: usiku kituoni, korti, halafu rumande ya watoto, kwa sababu mamake anafulia watu nguo Lavington na pesa ya bondi hakuwa nayo. Kesi ikaahirishwa. Ikaahirishwa tena. Alirudi nyumbani muhula umeisha. Mwenye duka naye alifunga biashara mara mbili kwenda kutoa ushahidi, na chaja yake ikakaa huko kama kielelezo. Hajaiona mpaka leo.

Sasa nikuulize: nani alifaidika hapo?

Kileleshwa na Kawangware ziko eneo bunge moja, Dagoretti Kaskazini. Unaweza kutembea kutoka huku hadi kule na usichoke. Mtoto wa Kileleshwa akishikwa na kitu supermaketi, meneja anapigia babake simu. Baba anakuja, analipa, anaomba radhi, mtoto anaenda kukulia maneno kwao. Hakuna karao, hakuna faili. Na mimi sioni ubaya, hivyo ndivyo inafaa kuwa. Shida yangu ni kwamba lazima uwe na baba mwenye gari ndio upate huo utu.

Na usiniambie sheria haijafikiria hii kitu. Sheria ya Watoto ya 2022 ilipandisha umri wa mtoto kushtakiwa kutoka miaka 8 hadi 12. Ikaweka pia njia ya kumchepusha mtoto asipitie kesi: akikubali kosa kwa hiari, na mzazi akikubali, anaweza kuomba msamaha, kulipa alichochukua, kufanya kazi ya jamii, au kuwekewa mtu wa kumfuatilia. Akivunja makubaliano, kesi inaweza kurudi. Katiba yenyewe, kifungu cha 53, inasema mtoto azuiliwe tu kama hakuna njia nyingine.

Haya, mwendesha mashtaka ameamua kumchepusha mtoto wa Gatina. Anampeleka wapi? Nani atahakikisha amefika, amekula, hajarudi kwa base ya gundi? Bila mtu na mahali, hiyo sheria ni karatasi tamu tu.

Ukifika hapa, watu wa kaunti huanza kuangalia dari. Polisi, korti na rumande ni za serikali kuu, wanasema. Ni kweli. Lakini fungua Jedwali la Nne la Katiba, upande wa kaunti: vyuo vya ufundi vya vijiji, vituo vya kutunza watoto, kudhibiti dawa za kulevya. Ongeza nauli na mfanyakazi wa jamii, hapo una karibu kila kitu mtoto huyo anahitaji. Tena shule za msingi pia si za kaunti, lakini 2023 walianzisha Dishi na County, mtoto anakula kwa shilingi 5. Mimi naipenda hiyo mradi, mdogo wangu anakula huko. Kwa hivyo msiniambie mikono imefungwa. Mlipotaka kupika, mlipata sufuria.

Najua kuna wenye watasema tunabembeleza wezi. Boss, yule mwenye duka angechagua nini: kijana afagie mbele ya duka wiki mbili na alipe mia tatu yake, au ile kesi? Muulize. Mimi nilimuuliza, akacheka tu, halafu akanionyesha mahali pangefagiliwa.

Sisemi mabilioni. Nairobi ina kaunti ndogo 17. Wekeni mfanyakazi wa jamii wa hii kazi kwa kila moja, na nafasi kadhaa kwa vyuo vya ufundi zisizo na karo kwa hawa watoto. Iandikwe kwa bajeti, na laini yake, sio ahadi ya mkutano wa Jumapili.

Makadirio ya bajeti yanafaa kufika bunge la kaunti kabla ya 30 Aprili, na mwaka mpya wa fedha unaanza 1 Julai. Katikati hapo lazima watuite tutoe maoni. Nitaenda, na nitamuuliza MCA wetu hiyo pesa iko ukurasa gani. Mama ya kijana amesema atakuja pia, kama hatakuwa na nguo za kufua siku hiyo.